TREKTA LA ZAMANI NA BETRI YA VOLTI 12
Mambo ya kupima kabla ya kununua vyombo vipya

Trekta likikataa kuwaka asubuhi ya kulima, mwenyewe huwa na mambo mengi ya kufikiri kwa wakati mmoja: mvua iliyo karibu, vibarua wanaongoja shambani, na betri iliyolala. Ikiwa trekta hilo ni la zamani, lenye umeme wa volti 6, aghalabu jirani hufika na shauri lililo tayari: "Bwana, weka volti 12, na taabu zote zitakwisha." Shauri hilo lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote. Wako watu waliobadili trekta zima wakapata faraja. Wako pia waliotumia fedha nyingi, wakaunguza vyombo, na mwishoni wakagundua kwamba ugonjwa wa kwanza ulikuwa kutu katika waya mmoja tu. Kwa hiyo yafaa kulijua jambo hili kwa undani kabla ya kufungua mfuko.

Mfano mzuri ni trekta liitwalo Ford 8N. Trekta hili lilitengenezwa Highland Park, katika jimbo la Michigan, Marekani, toka mwaka 1947 hata mwaka 1952. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000, na mengi yangali yakifanya kazi katika mashamba madogo ya nchi hiyo, ingawa umri wake umepita miaka 70. Ni jamaa wa karibu wa Ferguson TE20, trekta la rangi ya kijivu lililoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, na ambalo lilifika hata Afrika Mashariki. Yote mawili yana asili moja, yaani trekta la 9N la mwaka 1939, ambalo Henry Ford na Harry Ferguson walishirikiana kulitoa.

Ford 8N lilitoka kiwandani likiwa na betri ya volti 6. Dainamo yake huzungushwa na mkanda na kurudisha umeme katika betri. Stata huzungusha injini. Na koili hutoa cheche za kuwasha petroli. Jambo moja la kukumbukwa sana ni kwamba ncha ya chanya ya betri, yenye alama ya +, ndiyo iliyofungwa kwenye chuma cha trekta. Magari ya siku hizi ni kinyume chake: ncha ya hasi, yenye alama ya –, ndiyo inayofungwa kwenye chuma. Tofauti hiyo ndogo imewaponza mafundi wengi.

Wakati trekta hilo lilipoundwa, magari ya Marekani pia yalitumia volti 6. Katika miaka ya 1950 injini za magari ziliongezewa nguvu, zikahitaji stata yenye nguvu zaidi, na viwanda vikahamia volti 12. Magari ya Ford ya Marekani yalihamia katika aina za mwaka 1956. Tangu hapo betri na balbu za volti 12 ndizo zilizojaa madukani. Za volti 6 bado hutengenezwa, lakini huenda mkulima akalazimika kuzitafuta mbali.

MAANA YA VOLTI NA AMPEA

Umeme katika waya waweza kufananishwa na maji katika mfereji. Volti ni ile nguvu inayosukuma maji, na ampea ni wingi wa maji yanayopita. Kazi inayofanyika hutokana na vyote viwili pamoja: volti zikizidishwa kwa ampea hutoa wati. Kwa mfano, taa ya wati 36 ikiwa ya volti 6 huhitaji ampea 6. Taa ya wati 36 iliyo ya volti 12 huhitaji ampea 3 tu. Mwanga ni uleule, lakini umeme unaopita katika waya ni nusu. Na kwa kuwa joto linalopotea katika waya hupungua zaidi kuliko ampea zinavyopungua, ampea zikiwa nusu, hasara katika waya uleule huwa robo tu.

Hiyo ndiyo sababu trekta la volti 6 halivumilii waya mwembamba wala viungo vichafu. Stata yaweza kuvuta ampea 200 au zaidi inapoanza kuzungusha injini baridi. Ikiwa kuna kiungo chenye kutu ambacho kizuizi chake ni sehemu moja tu ya mia ya omu, volti 2 hupotea pale pale. Kwa betri ya volti 6, zilizobaki ni 4. Stata huzunguka kwa uzito, na lililo baya zaidi ni kwamba koili nayo huweza kupata sehemu tu ya volti zake wakati uleule inapotakiwa kutoa cheche kali. Injini huzunguka polepole, cheche ni dhaifu, na trekta haliwaki. Mwenyewe huilaumu betri.

Katika trekta la volti 12, hata zikipotea volti 3 hubaki 9, na injini huenda ikawaka. Ndiyo maana watu husema kuwa volti 12 zimeponya trekta. Kwa kweli hazikuliponya; zimeuficha ugonjwa. Kile kiungo chenye kutu bado kipo, kinazidi kuliwa siku hata siku, na kinapata moto kila stata inapobonyezwa. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili ufa ni ile kutu.

KUPIMA KABLA YA KUBADILI

Basi kazi ya kwanza si kununua kitu bali kupima. Betri nzima ya volti 6, iliyojaa umeme na kupumzika kwa saa kadhaa, huonyesha karibu volti 6.3. Ikionyesha 6 au chini yake, yahitaji kutiwa umeme, au imechoka. Injini inapokwenda kwa mwendo wa kazi, kipimo kipande kupita volti 7. Kisipopanda, dainamo, mkanda, au kidhibiti cha umeme kina kasoro.

Baada ya hapo vipimwe viungo. Gia iwe huru, breki iwe imefungwa, na swichi ya moto iwe imezimwa ili injini isiwake. Mtu mmoja akae kitini na kubonyeza kitufe cha stata kwa muda mfupi, na mwingine ashike kipimo cha volti mahali ambapo hawezi kuguswa na mkanda wala panga za feni. Ncha moja ya kipimo iguse kichwa chenyewe cha betri, na nyingine iguse kishikio cha waya kilichofungwa juu yake. Kiungo kikiwa safi, kipimo hukaribia sifuri. Kikionyesha nusu volti au zaidi, mwizi amepatikana. Vivyo hivyo kipimwe kiungo cha waya na chuma cha trekta, halafu kila mwisho wa waya wa stata.

Dawa yake ni rahisi: kufungua viungo, kuvisugua kwa msasa au brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kuvikaza sawasawa, na kuvipaka grisi kidogo ili kutu isirudi. Nyaya za betri nazo ziangaliwe unene. Mara nyingi nyaya za asili huharibika, na mwenyewe hununua nyaya za gari la volti 12, ambazo ni nyembamba mno kwa volti 6. Kubadili nyaya mbili kwa zilizo nene huweza kulifanya trekta liwake kama lilivyowaka zamani, kwa gharama ndogo sana.

Ikiwa baada ya hayo yote trekta ni zima, hakuna lazima ya kubadili kitu. Ford 8N liliwaka kwa volti 6 katika baridi kali za Michigan lilipokuwa jipya, na likitunzwa laweza kuwaka hivyo leo.

SABABU ZA HAKI ZA KUBADILI

Pamoja na hayo, ziko sababu za kweli za kuhamia volti 12. Dainamo ya zamani ikiwa imekufa kabisa, huenda kuitengeneza kukagharimu kuliko kununua altaneta iliyotumika. Mkulima anayefanya kazi usiku akihitaji taa kali, altaneta hutoa umeme mwingi zaidi, hata injini inapokwenda polepole. Na betri ikilala, trekta la volti 12 laweza kusaidiwa na gari la jirani. Trekta la volti 6 lenye ncha ya chanya kwenye chuma halifai kusaidiwa hivyo bila fundi anayejua, kwa maana gari na trekta zikigusana chuma kwa chuma huku nyaya zimeungwa vibaya, umeme wote wa betri hupita kwa ghafula na kuwasha moto.

Mwenye kuamua kubadili hana budi kujua kwamba habadili betri peke yake. Kila chombo kinachopokea umeme lazima kifikiriwe, kimoja baada ya kingine.

CHOMBO KWA CHOMBO

Betri. Huwekwa ya volti 12, inayotoshea katika kikapu chake na kufungwa imara. Safari hii ncha ya hasi ndiyo ifungwe kwenye chuma cha trekta, kwa kuwa altaneta za kawaida zimetengenezwa hivyo. Betri ikiungwa kinyume, vyombo vidogo vilivyomo ndani ya altaneta huungua mara moja, kabla hata ya injini kuwashwa.

Altaneta. Hii hushika mahali pa dainamo, na kidhibiti cha zamani huondolewa, kwa sababu altaneta nyingi zina kidhibiti chao ndani. Iliyo maarufu kwa kazi hii ni ya Delco iitwayo 10SI, ambayo ilifungwa katika magari mengi ya General Motors katika miaka ya 1970. Kishikio chake kiwe imara, na gurudumu lake liwe katika mstari mmoja na magurudumu mengine ya mkanda. Mkanda ukienda upande utalika upesi, nao ndio unaozungusha feni ya kupoza injini.

Waya mwembamba wa kuamsha altaneta. Altaneta yenye nyaya tatu hupata umeme kidogo kutoka swichi ya moto ili ianze kazi. Hapa pana mtego. Mwenyewe anapozima swichi, altaneta inayozunguka huweza kurudisha umeme kwa njia ileile mpaka kwenye koili, na injini ikaendelea kwenda kana kwamba haikuzimwa. Kwa hiyo katika waya huo hutiwa dayodi, chombo kidogo kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kama valvu ya baiskeli inavyopokea hewa na kukataa kuirudisha. Wengine hutumia taa ndogo ya onyo, nayo huzuia umeme mwingi usirudi.

Koili. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Kwa mfano, koili ya volti 6 yenye kizuizi cha omu 1.5 huvuta ampea 4. Ikipewa volti 12 itavuta ampea 8. Hapo koili hupata moto hata ikaharibika, na pointi za distribyuta huungua upesi. Dawa ni mojawapo ya mbili: ama koili ya volti 12 yenye kizuizi cha karibu omu 3, ama koili ya zamani pamoja na rezista ya omu 1.5 mbele yake. Kwa njia zote mbili ampea hurudi kuwa 4. Matrekta ya 8N ya mwanzo yana distribyuta mbele ya injini, na koili yake ya umbo la sanduku hukaa juu yake; yale yaliyotoka baadaye, kuanzia mwaka 1950, yana distribyuta ubavuni na koili ya duara. Koili hizo haziwezi kubadilishana. Aidha, yale ya mwanzo yana rezista ndogo nyuma ya bao la vipimo. Isitolewe wala isiongezwe nyingine kwa kubahatisha, bali maagizo ya koili mpya yafuatwe. Koili ya duara yenye ncha mbili, moja ya + na moja ya –, igeuzwe nyaya zake, ili ncha ya hasi ndiyo iende kwenye distribyuta. Pointi na kondensa hubaki vilevile.

Stata. Wengi hushangaa kusikia kwamba stata ya volti 6 huzunguka upande uleule hata ncha za betri zikigeuzwa, nayo hufanya kazi kwa volti 12. Ni kweli, lakini huzunguka kwa kasi kubwa na kuyapiga kwa nguvu meno ya gurudumu la injini. Ibonyezwe kwa muda mfupi tu. Injini isipowaka, mtu aache na kutafuta sababu, wala asiendelee kubonyeza mpaka stata inuke harufu ya kuungua. Swichi ya sumaku ya stata ni afadhali ipatikane ya volti 12, tena ya aina ileile, maana katika 8N kitufe hukamilisha njia ya umeme kwa kugusa chuma cha trekta.

Balbu na kipimo cha ampea. Balbu zote za volti 6 zitolewe, kwa maana zitakatika mara ziwashwapo. Kipimo cha ampea chaweza kubaki ikiwa kinatosha kwa ampea za altaneta, lakini nyaya zake mbili zibadilishane mahali. Zisipobadilishwa, kitaonyesha betri inapungukiwa wakati inapojazwa, na mwenyewe atatafuta kasoro isiyokuwapo.

Kazi ikiisha, kipimo cha volti kitoe hukumu. Betri iliyojaa na kupumzika ionyeshe karibu 12.6, na injini inapokwenda ionyeshe karibu 14. Ikipita 15, betri inachemshwa, na altaneta ina kasoro. Mwishoni bandikwe kibao karibu na betri kikisema: VOLTI 12, HASI KWENYE CHUMA. Fundi atakayekuja baada ya miaka kumi hatakuwa na njia nyingine ya kujua, na akifuata kitabu cha zamani ataunga betri kinyume. Vyombo vya asili navyo viwekwe katika sanduku pakavu, kwani trekta lenye vyombo vyake vya kwanza hupendwa na wale wanaohifadhi mashine za kale.

HATARI ZISIZOFAA KUDHARAULIWA

Betri inapojazwa hutoa hewa inayolipuka kwa cheche ndogo tu, na katika 8N betri hukaa karibu na tangi la petroli. Kwa hiyo kazi ianze kwa kufungua waya ulioungwa na chuma cha trekta, na huo ndio uwe wa mwisho kufungwa. Spana ikigusa chuma wakati huo haitaleta madhara. Sigara na moto viwe mbali. Asidi ikimrukia mtu machoni, aoshe kwa maji mengi bila kukawia, kisha aende hospitali.

Hatari kubwa kuliko zote ni ile ya mtu aliyechoka kungoja. Betri ikiwa dhaifu au kitufe kikiwa kibovu, wako watu wanaosimama chini, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, na kuunganisha ncha za stata kwa bisibisi. Ford 8N liliundwa ili kitufe cha stata kisibonyezeke isipokuwa gia iko huru. Mwenye kutumia bisibisi ameuruka ulinzi huo. Gia ikiwa imeingia, trekta huwaka na kuondoka papo hapo, na gurudumu kubwa la nyuma humpitia mtu kabla hajapata nafasi ya kuruka. Wakulima wengi wamekufa kwa njia hiyo katika nchi mbalimbali. Na hapa volti 12 huzidisha hatari badala ya kuipunguza, kwa kuwa stata huzungusha injini kwa nguvu zaidi na injini huwaka upesi. Trekta liwashwe na mtu aliye kitini, basi. Kitufe kibovu kitengenezwe siku hiyo hiyo.

Kwa jumla, mwenye trekta la zamani aanze na msasa, brashi ya waya, na kipimo cha volti. Vitu hivyo vitatu ni vya bei ndogo, navyo humwonyesha ugonjwa ulipo. Akiisha kuvitumia, na bado akaona kuwa volti 12 zinamfaa, atabadili kwa kujua anachokitafuta, wala hatakuwa amenunua altaneta mpya kwa ajili ya kutibu kutu.